Mtoto wa mbwa analia usiku kucha

SWALI: Daktari, nimeleta mtoto wa mbwa wa wiki 8. Nikimfungia kizimbani usiku analia mpaka majirani wanalalamika. Nimwache alie hadi azoee?

JIBU: Hapana. Juzi tu alikuwa akilala amebanana na mama na ndugu zake. Sogeza kizimba kando ya kitanda chako, akusikie ukipumua. Kitambaa alicholalia mama yake, kama utakipata, kinasaidia kuliko blanketi jipya.

Kilio cha saa nane usiku, baada ya kulala vizuri, mara nyingi ni mkojo. Kwa umri huo hawezi kuubana zaidi ya saa 2 au 3. Mtoe nje kimya kimya, akojoe, arudi ndani. Ukimchekea tu, kesho atakuamsha mcheze.

Mchana mlishe humo humo kizimbani, mlango wazi, na usimfungie humo kama adhabu. Kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikizidi sana, kona moja atageuza choo.

Ila akilia huku anaharisha au amekataa kula, hilo si suala la kizimba. Asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo.