Kwa nini mota hujizima: somo juu ya swichi za joto

Ndugu wafanyakazi, somo la safari hii ni juu ya kifaa kidogo ambacho wengi wetu tunakijua kwa usumbufu wake tu. Mashine iko kazini, mara inazima yenyewe. Msimamizi anapiga kelele, fundi wa umeme anaitwa, anafungua sanduku la stata, anabonyeza kitufe cha kurudishia, mashine inaanza tena. Baada ya robo saa inazima tena. Mara ya tatu mtu mmoja anasema, "Hii ovalodi ni mbovu, ifungeni kwa waya tumalize kazi." Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mara nyingi ovalodi si mbovu hata kidogo.

Tuanze na joto lenyewe. Ndani ya mota mna koili za waya wa shaba, na kila waya umepakwa vanishi ili usigusane na mwenzake. Umeme unapopita katika waya huupa joto, na joto hilo halizidi sawasawa na mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linalozalishwa huwa mara nne; mkondo ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Vanishi nayo ina mwisho wa uvumilivu wake. Tazama kibati kilichopigwa ubavuni mwa mota: herufi B maana yake ni nyuzi 130 za sentigredi, F ni 155, H ni 180. Mafundi wana kanuni yao ya makadirio, kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hupunguza umri wa vanishi kwa nusu. Mota ambayo ingefanya kazi miaka 20 itafanya 10, na ukizidisha nyuzi 10 nyingine itafanya 5. Katika muda wote huo huoni moshi wala husikii harufu. Siku utakapoisikia harufu, koili zimekwisha.

Sasa wengine watauliza: je, fyuzi haitoshi? Haitoshi, na ni lazima tuelewe sababu yake. Chukua mota ya nguvu za farasi 10, yaani kilowati 7.5, ya fezi tatu, volti 415. Ikibeba mzigo wake kamili huvuta kama ampea 15. Lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara sita ya hizo au zaidi, kama ampea 90, kwa sekunde chache. Fyuzi lazima iruhusu mwanzo huo, la sivyo ingekatika kila asubuhi. Kwa hiyo huwekwa fyuzi kubwa kuliko ampea 15. Fyuzi hiyo ni ya kukata umeme waya zinapogusana kabisa. Mota ikivuta ampea 20 mchana kutwa, fyuzi haina habari, na vanishi inaungua polepole.

Hapa Uganda mota hupata ampea za ziada kwa njia ambazo kila mtu wa kiwandani amekwisha kuziona. Njia ya kwanza ni volti kushuka. Viwanda vingi vya Kampala na Jinja vilitegemea umeme wa bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, tangu lilipofunguliwa mwaka 1954. Waliokuwa kazini mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na umeme ukawa wa mgao, wanajua maana ya umeme kukatika na kurudi. Unaporudi, mota zote za mtaa zinataka kuanza kwa pamoja, na volti hushuka. Wako wanaodhani kuwa umeme hafifu hauwezi kuichoma mota. Ni kinyume chake. Mzigo ni uleule, nguvu inayotakiwa ni ileile, basi mota hujazia upungufu wa volti kwa kuvuta ampea zaidi. Volti zikishuka kutoka 415 hadi 350, ile mota yetu ya ampea 15 itavuta karibu 18, na joto la koili litazidi kwa kama asilimia 40.

Njia ya pili ni mbaya zaidi: kupotea kwa fezi moja. Fyuzi moja ya transfoma ikikatika, au waya mmoja ukilegea ndani ya sanduku, mota inayozunguka haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, inavuma kwa sauti nzito, na mkondo katika fezi hizo mbili unapanda hadi karibu ampea 26. Koili zinazobeba mkondo huo hupata joto mara tatu ya kawaida. Hapo mota inahesabu dakika zake.

Ovalodi imetengenezwa kwa ajili ya mambo hayo. Ndani yake mna vikanda vitatu, kimoja kwa kila fezi, na kila kikanda ni metali mbili zilizoshikamanishwa mgongo kwa mgongo. Metali moja hutanuka sana ikipata joto, nyingine hutanuka kidogo. Mkondo wa mota ukizidi, kikanda hupata joto na, kwa kuwa upande mmoja unarefuka kuliko wa pili, hujipinda. Kikijipinda vya kutosha husukuma kidude kinachokata umeme wa kontakta, yaani ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku, na mota inazima. Hakuna uganga ndani yake. Uzuri wa kikanda ni kwamba kina subira: sekunde chache za mwanzo hazikitoshi kujipinda, lakini mzigo wa muda mrefu hukishinda.

Subira hiyo ina vipimo vyake, na anayevijua anaweza kuisoma ovalodi kama barua. Zile za kawaida, za daraja la 10, hazikati kwa ziada ya asilimia 5. Kwa ziada ya asilimia 20 hukata ndani ya saa mbili. Mkondo ukiwa mara moja na nusu hukata kabla ya dakika nne ikiwa mota ilikwisha pata moto wa kazi, na mota ikikwama kabisa hukata ndani ya sekunde 10. Basi mota inayozima baada ya robo saa, kila mara robo saa, haijakwama. Inabeba ziada ya wastani: mkanda umekazwa mno, beringi imekauka, watu wanajaza mali kupita kipimo, au volti ziko chini. Inayozima mara tu unapobonyeza kitufe ina ugonjwa mwingine, na hapo uchunguze fezi kwanza. Ovalodi yenyewe huwa na kigurudumu cha kuweka ampea. Kiwekwe sawa na ampea za kwenye kibati cha mota. Mtu akikizungusha kutoka 15 hadi 20 ili "isisumbue", ameivunja kinga bila kuvunja kitu.

Hata hivyo ovalodi ina upofu wake. Inapima mkondo tu. Haioni joto la mota yenyewe. Mota ya kiwanda cha pamba iliyozibwa na nyuzi kwenye feni yake, au ya kiwanda cha chai iliyofunikwa na vumbi la majani, au ya Kakira au Lugazi iliyojaa makapi ya miwa, inaweza kuvuta ampea zilezile 15 na bado ikaungua, kwa sababu hewa ya kuipoza haipiti. Kwa sababu hiyo mota nyingi huwekewa swichi ya joto ndani kabisa ya koili. Hii ni kisahani kidogo cha metali mbili, kilichobinuka kama kifuniko cha kopo. Kikifika joto lake hubinukia upande wa pili kwa mlio mdogo na kukata umeme. Aliyekibuni alikuwa mfanyakazi kama sisi: John Spencer, wa jimbo la Maine huko Marekani, aliyekuwa kijana wa kuchochea moto wa boila katika kiwanda cha mbao, na ambaye aliangalia jinsi mlango wa chuma wa tanuri ulivyokuwa ukibinuka kwa kishindo ukipata moto na kurudi ukipoa. Katika miaka ya 1920 visahani vyake vilianza kuuzwa, na sasa vimo katika pasi, katika friji na katika mota pande zote za dunia. Mota yenu ikirudi kutoka kusukwa upya, Katwe au kwingineko, muulizeni fundi kama kisahani kimerudishwa mahali pake. Ni kitu kidogo na ni rahisi kusahauliwa.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa si habari ya mali ya kampuni tena, ni habari ya vidole vyetu. Kisahani kikipoa hurudi chenyewe. Ikiwa kimeunganishwa vibaya, au ovalodi imewekwa katika hali ya kujirudisha, mota itaanza yenyewe bila mtu kugusa kitufe. Fikiri juu ya mashine ya kusaga majani ya chai. Imezima, mfanyakazi anaona majani yamesongamana, anaingiza mkono kuyatoa. Dakika kumi zimepita, mota imepoa. Hakuna atakayemwonya. Kwa hiyo swichi ya joto ya mashine ya namna hiyo hapana budi iunganishwe na kontakta, ili mashine isianze mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuanzia, na ovalodi iwe ya kurudishwa kwa mkono. Na hata ikiwa hivyo, kabla ya kuingiza mkono zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, si mwa msimamizi.

Kosa jingine ni kudhani kwamba ovalodi humlinda mtu asipigwe na umeme. Ovalodi yetu inangoja zaidi ya ampea 15. Mtu anaweza kufa kwa sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Kazi ya kumlinda mtu ni ya waya wa ardhi na swichi zake maalum, na hilo ni somo la peke yake.

Nini kifanyike basi, msimamizi akisema ifungwe kwa waya? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani ya viwanda, inamwajibisha mwajiri kwa usalama wa mitambo, inamkataza mfanyakazi kuchezea vifaa vya kinga, na inampa haki ya kujiondoa penye hatari ya kweli. Maana yake ni kwamba anayefunga waya, hata kwa amri, naye ana kesi. Msibishane kwa maneno matupu. Mwakilishi wa chama aombe kitabu kiwekwe karibu na sanduku la stata, na kila mota inapojizima iandikwe tarehe, saa, mashine ilikuwa imefanya kazi muda gani, ampea za kila fezi kwa mita ya kubana, na jina la aliyeamuru irudishwe. Mota ikiungua, la kwanza kusemwa ni kwamba mwendesha mashine alizembea. Kitabu kikiwa na mstari usemao, "Feni ya pili, saa nne na robo asubuhi, imezima mara ya tatu, fezi ya kwanza ampea 26, ya pili 26, ya tatu 0, imeamriwa kurudishwa," fundi yeyote atakayeusoma atajua kuwa fezi ilikuwa imepotea, na kwamba walioambiwa walikuwa wanajua.