Jinsi Maofisa Walivyofundishwa Vita vya Atomiki

Tangu zamani ofisa wa jeshi hufundishwa kuwakusanya askari wake pamoja, ili wampige adui kwa nguvu moja. Bomu la atomiki liliyapindua mafundisho hayo, kwa maana askari waliokusanyika mahali pamoja waweza kuangamizwa wote kwa pigo moja. Ndiyo sababu jeshi la Marekani, kati ya mwaka 1951 na 1957, lilipeleka maelfu ya maofisa na askari katika jangwa la Nevada, kwenye kambi iliyoitwa Desert Rock, wajifunze vita hivyo mbele ya mabomu yenyewe.

Mafundisho yalianza kwa maneno. Bomu hilo huua kwa njia tatu: joto lichomalo ngozi, kishindo cha upepo kibomoacho, na miali isiyoonekana. Mtu aliyeinama ndani ya handaki huepushwa na sehemu kubwa ya joto na kishindo. Miali ni jambo jingine. Udongo na umbali huipunguza, lakini mtu hasikii lolote inapomwingia mwilini. Kwa hiyo watu walipewa vipande vidogo vya filamu vya kuvaa, ambavyo hugeuka vyeusi kwa kadiri ya miali iliyovipata.

Mwaka 1951 askari waliwekwa maili 7 hivi kutoka kwenye bomu. Kufika mwaka 1953 mahandaki yalikuwa yamesogezwa mpaka maili 2 hivi, na maofisa wachache waliojitolea wakapewa kazi ngumu zaidi: wapige hesabu wenyewe ya umbali mdogo kabisa ambao wangeweza kusalimika, kisha waingie handakini papo hapo. Hapana mtihani wa shule wenye msahihishaji mkali kama huo!

Tarehe 25 Aprili 1953 baadhi yao walijikunyata yadi 2,000 tu kutoka kwenye mnara wa bomu lililopewa jina la Simon. Hesabu ilitegemea nguvu iliyotazamiwa, nalo bomu likaizidi. Likawa na kilotoni 43, karibu mara tatu ya lile la Hiroshima. Hata hivyo walitoka handakini wakiwa wazima.

Lakini madhara ya miali huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuonekana. Mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa askari waliohudhuria majaribio kama hayo, kisha wakashikwa na aina fulani za kansa.