Upele wa Mbwa na Mwasho kwa Binadamu

Mgonjwa anapolalamikia mwasho mkali na vipele vidogo tumboni au mikononi, yafaa aulizwe kama nyumbani kwake kuna mbwa anayejikuna. Upele wa mbwa husababishwa na utitiri uitwao Sarcoptes scabiei, ambao huchimba njia ndani ya ngozi. Mbwa hujikuna usiku na mchana. Manyoya hunyonyoka na magamba hujitokeza hasa kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo.

Utitiri huo humwasha binadamu, lakini hauwezi kuendeleza kizazi chake katika ngozi yake. Kwa hiyo vipele hutoweka vyenyewe baada ya wiki chache, alimradi mbwa ametibiwa. Mwasho ukiendelea, vipele vikawa katikati ya vidole, na wengine nyumbani wakaanza kuwashwa, ushukiwe upele wa binadamu, ambao hutibiwa kwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja.

Mbwa atibiwe na daktari wa mifugo, pamoja na mbwa wote anaokaa nao, na matandiko yao yafuliwe kwa maji ya moto. Asipakwe oili chafu, kwani humdhuru anapojilamba. Wala asidungwe ivermektini kwa kukisia: baadhi ya mbwa, hususan wa jamii ya Collie, huweza kufa kwayo.