Kufufua pikapu ya shamba: ubaki na kabureta au uhamie EFI?

Leo tuache mbegu na mbolea, tuongelee chuma.

Kijana mmoja wa skimu ya umwagiliaji hapa Mombo ameuza mpunga, akanunua Hilux chakavu yenye injini ya 22R, lita 2.4, ya kabureta. Anataka kushusha mboga kutoka Lushoto na Soni. Akaniuliza: "Bwana shamba, hela iliyobaki nifufue kabureta au niweke EFI?" Swali zito, maana hiyo hela ndiyo hiyohiyo ya mbolea ya msimu ujao.

Tofauti yake

Injini ya petroli hutaka takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Kabureta hukadiria: hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake, huvuta petroli kupitia jeti. EFI hupima: sensa hupeleka taarifa kwenye kompyuta, kompyuta huamua nozeli ifunguke muda gani.

Kwa nini mlima ni muhimu

Kutoka hapa hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000, na hewa hupungua kwa takribani asilimia 10. Kabureta iliyosetiwa Mombo haijui hilo. Huko juu inamwaga mafuta kupita kiasi: gari linakosa nguvu, moshi mweusi, plagi zinajaa masizi. EFI hujirekebisha yenyewe. Tena ukishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, EFI nyingi hukata petroli kabisa. (Na usishuke ule mlima kwa nyutro na mzigo, breki zitaungua!)

Kwa hiyo EFI ndiyo bora? Subiri kwanza.

Kosa langu mwenyewe

Na mimi nina 22R ya kabureta. Pampu ilikufa, nikamkubalia fundi anifungie pampu ya umeme ya EFI aliyokuwa nayo. Bei poa, nikafurahi. Sasa pampu ya EFI husukuma psi 35 hadi 45, presha kama ya tairi la pikapu. Kabureta inataka psi 3 hadi 6 tu. Ile sindano ya boya haikuweza kuzuia, petroli ikafurika juu ya injini ya moto. Nilisikia harufu njiani, nikazima haraka. Haikuwaka, namshukuru Mungu. Ila nyanya nilizobeba zilikosa soko siku ile, na matenga mengine yalioza. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza.

Funzo: EFI si nozeli peke yake. Ni pampu yake, mipira ya presha, paipu ya kurudisha mafuta, filta, sensa, waya, kompyuta na chaji isiyoyumba. Kipande kimoja kikikosekana, umenunua tatizo.

Piga hesabu

Tuseme unatumia lita 40 kwa wiki, na EFI ikakuokolea lita 4. Kwa wiki 50 ni lita 200. Zidisha kwa bei ya kituoni, kisha linganisha na gharama ya kubadili. Ongeza na siku gari litakazolala gereji bila kuingiza kitu.

Ushauri wangu

1. Kabla ya yote pima kompresheni. Injini iliyochoka haiponywi na kabureta wala EFI.
2. Kama injini ni nzima, fufua kabureta: ioshwe, badilisha gasketi, sindano ya boya na filta. Fundi wa kuishika yupo karibu kila mji.
3. Kama injini imekufa, hapo ndipo utafute 22R-E, ndugu yake wa EFI, ikiwa kamili na waya na kompyuta yake. Isikilize ikiunguruma kabla ya kulipa.
4. Vyovyote vile, epuka petroli ya madumu. Maji na uchafu huziba jeti na nozeli sawasawa.

Yule kijana alipima, kompresheni iko safi. Nimemwambia abaki na kabureta, isetiwe Soni, katikati ya safari, na chenji inunue mbolea. Gari ni la kulihudumia shamba, lisije likalila.

Kazi njema.