SOMO LA WIKI: Kuagiza bodi za saketi kwa kikundi

Mafundi na wapenda elektroniki wengi huchangishana fedha kuagiza bodi za saketi walizochora wenyewe, hasa kutoka viwanda vya Shenzhen, China, vinavyopokea oda ndogo. Wiki hii tuangalie hesabu yake.

Unafuu unatokana na gharama zisizobadilika. Kiwanda hukagua mchoro na kuandaa mitambo ya kutoboa iwe unataka bodi 5 au 30. Bodi nazo ni nyepesi, hivyo nauli ya ndege haipandi sana.

Tuchukue mfano. Mtu mmoja anaagiza bodi 5 kwa dola 20 na nauli dola 35. Jumla dola 55, yaani dola 11 kila bodi. Watu 10 wakiagiza 3 kila mmoja, tuseme bodi 30 ni dola 60 na nauli dola 40. Ongeza VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 (Kenya 16), na dola 12 za wakala wa forodha. Jumla inakuwa dola 130, au dola 4.33 kila bodi. Ushuru wa forodha ukitozwa, VAT huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo.

Hatari iko kwa mratibu. Wanachama wawili wakijitoa baada ya oda kwenda, anabaki na bodi 6 zenye gharama ya dola 26. Gunia la sukari lingepata mnunuzi mwingine; bodi iliyochorwa kwa kazi moja haina soko. Kwa hiyo fedha zikusanywe zote kabla ya kuagiza, na anayechelewa asubiri awamu nyingine. Wanaochangia kwa shilingi waongeze kidogo kwa ajili ya mabadiliko ya thamani ya dola, na salio lirudishwe.

Aidha, agizeni sampuli 5 kwanza. Kiwanda hutengeneza kilichochorwa. Njia moja ya shaba ikikosewa, bodi zote 30 zimekosewa. Sampuli huongeza karibu dola 2 kwa kila bodi kabla ya kodi, na bado bei iko chini ya dola 11.

Kuhusu muda, epukeni Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda vinapofungwa. Oda ikiangukia hapo, waelezeni wanachama tarehe ya kweli kabla ya kupokea michango.