Neno la Kutia Moyo katika Tiba ya Kifua Kikuu

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa za aina 4, kisha miezi 4 ya dawa za aina 2. Mara nyingi kishawishi cha kuacha dawa huja pale kikohozi kinapokoma, uzito unaporudi na mgonjwa kujiona amepona. Kumbe vimelea vingine vingali hai mwilini; dawa zikiachwa, ugonjwa huweza kurejea, pengine ukiwa sugu.

Hapo ndipo neno la kutia moyo linapokuwa sehemu ya tiba. Nchini Tanzania, mgonjwa huweza kumchagua ndugu au jirani wa kumsimamia anapomeza dawa nyumbani. Msimamizi akitisha, "Usipomeza utakufa," mgonjwa huficha dozi aliyoiruka. Akisema, "Pole, mama. Umemaliza miezi 3, imebaki 3. Jana ulikwama wapi?" humpa nafasi ya kueleza ukweli: kichefuchefu, njaa, nauli au aibu.

Kutia moyo si kuficha ukweli. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, asije akashtuka. Lakini macho yakigeuka manjano, awahi kituo cha afya.

Basi anayetia moyo hutambua hatua iliyokwisha kupigwa, huuliza kinachokwamisha, na hukumbusha hatua inayofuata, hadi kidonge cha mwisho.