SOMO: MAKAA YA MAWE "SAFI", NA UCHAFU UNAKOKWENDA



Katika mkutano wetu wa mafunzo hapa Kyebando, ndugu mmoja anayefanya kazi ya boila alituuliza swali tukashindwa kulijibu palepale. Alisema: "Nimesikia kwamba siku hizi kuna makaa ya mawe safi ya kutengenezea umeme. Kama ni safi, kwa nini watu wa Lamu kule Kenya waliyakataa? Au kazi hawazitaki?" Wengine walicheka, lakini lilikuwa swali la haki. Mtu asiye na kazi hawezi kudharau kituo cha umeme kinachoahidi ajira. Tuliomba muda, tukasoma na kuuliza wanaojua zaidi yetu, na leo tunaleta jibu. Wanaosoma wawasomee wenzao wasiojua kusoma.

Tuanze na kitu tunachokijua sote, yaani sigiri. Mama anayepika hapa Kyebando atakuambia kwamba makaa ya miti ni safi kuliko kuni. Macho hayawashi, ukuta hauwi mweusi. Ni kweli kabisa. Lakini moshi ule haukupotea. Uliachwa Nakasongola, Luweero na huko kaskazini, mahali magogo yalipofukiwa katika tanuri la udongo na kuungua polepole kwa siku kadhaa mpaka yakawa makaa. Mchomaji ndiye aliyeuvuta moshi wetu, na miti iliyokatwa ni ya kwao. Mwezi wa Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya kuuza katika sehemu za kaskazini ya Uganda, lakini magunia hayajakoma kuonekana mitaani kwetu.

Na hata makaa hayo yasiyo na moshi yana hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mvua ikinyesha, watu huingiza sigiri chumbani, hufunga mlango na dirisha, wakalala. Wako ambao hawakuamka. Kwa hiyo, kabla hatujafika kwenye makaa ya mawe, sigiri imekwisha kutufundisha mambo mawili: usichokiona kinaweza kukuua, na uchafu ukiondolewa kwako huenda umepelekwa kwa mwingine.

Makaa ya mawe huchimbwa ardhini. Ni mimea ya zamani sana iliyofukiwa na kukandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake mna kaboni, ambayo ndiyo inayotoa moto. Mna pia salfa, mna udongo ambao haungui bali hubaki kuwa majivu, na mna kiasi kidogo cha sumu kama zebaki, aseniki na risasi.

Hapa Uganda hatuna kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Umeme wetu mwingi unatoka mto Nile: bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, Bujagali likafuata 2012, Isimba 2019, na Karuma lenye megawati 600 likazinduliwa 2024. Lakini wenzetu wa viwanda vya saruji wanayajua makaa ya mawe, na Tanzania inayachimba huko Ngaka mkoani Ruvuma na kuyauza kwa viwanda. Si jambo la ng'ambo tu.

Kituo cha umeme cha makaa ya mawe ni birika kubwa. Makaa husagwa yakawa laini kama unga, hupulizwa ndani ya tanuri, moto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine inayotoa umeme. Wataalamu wamejaribu kuondoa uchafu katika kila hatua ya kazi hiyo, na ni juhudi hizo zote pamoja ndizo zinazoitwa "makaa safi". Hakuna makaa ya aina nyingine yanayochimbwa yakiwa safi. Hilo tulikuwa hatulijui, na tunadhani wengi hawalijui.

Hatua ya kwanza ni kuyaosha makaa kabla ya kuyachoma, ili udongo na sehemu ya salfa vitoke. Maji ya kuoshea hubaki machafu.

Hatua ya pili ni kuongeza nguvu ya mvuke. Tuseme moto umetoa vikapu 100 vya joto. Kituo cha zamani hupata umeme wa vikapu 33 hadi 35 tu, na vilivyobaki hupotelea hewani na majini. Kituo cha kisasa, chenye mvuke wa moto mkali na mkandamizo mkubwa sana, hupata vikapu karibu 45. Umeme ni uleule, makaa yaliyochomwa ni machache. Hii tunaisifu bila kusita, kwa sababu uchafu ambao haukutengenezwa haumdhuru mtu yeyote.

Hatua ya tatu ni kunasa vumbi. Moshi hupitishwa katikati ya mabamba ya chuma yenye umeme, vumbi likavutwa na kuganda juu yake kama masizi yanavyoganda kwenye sufuria, au hupitishwa katika mifuko mikubwa ya kitambaa. Mitambo hiyo ikitunzwa vizuri hunasa karibu vumbi lote. Hapo ndipo moshi mweusi unapotoweka katika bomba, na bwana mkubwa anaweza kupiga picha mbele ya mtambo wake.

Hatua ya nne ni kunasa salfa. Moshi hunyunyiziwa maji yenye chokaa, salfa ikashikana na chokaa na kuwa jasi, ambayo inaweza kutumika katika saruji na mbao za dari. Kazi hii ina historia yake. Kituo cha Battersea mjini London, kilichoanza kazi mwaka 1933, kilikuwa kati ya vya kwanza duniani kuosha moshi wake. Kiliuosha kwa maji ya mto Thames, na maji yenye salfa yakarudishwa mtoni. Hewa ikapata nafuu, samaki wakapata taabu. Hata hivyo tusicheke kuosha moshi: Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulifunika London kwa siku 5, na watu wapatao 4,000 walifariki kwa hesabu ya kwanza. Wachunguzi wa baadaye walisema huenda walikuwa 12,000.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, nayo ni kunasa hewa ya ukaa inayoongeza joto la dunia. Kaboni ikiungua hushikana na oksijeni ya hewa, na oksijeni ina uzito wake. Kilo 12 za kaboni hushika kilo 32 za oksijeni, jumla kilo 44. Ndiyo sababu tani 1 ya makaa ya mawe hutoa tani 2 na zaidi za hewa ya ukaa. Chokaa ile haiinasi. Inataka dawa nyingine, mitambo mingine, na mahali pa kuifukia chini sana ardhini. Mitambo hiyo nayo inakula umeme, kiasi kwamba kituo huhitaji kuchoma makaa zaidi, karibu robo nyingine, ili kutoa umeme uleule. Kituo cha Boundary Dam nchini Kanada kilianza kufanya hivyo mwaka 2014, na kwa miaka mingi kilinasa chini ya kiasi kilichokusudiwa. Kule Kemper, jimbo la Mississippi, Marekani, walitumia zaidi ya dola bilioni 7, na mwaka 2017 wakaacha habari ya makaa, wakachoma gesi. Mtu akija kwetu na kusema jambo hili ni rahisi, aulizwe ni nani atakayelipa.

Sasa turudi kwenye majivu, maana hapo ndipo sisi tunapoingia.

Makaa mengi ya mawe, katika kila tani 10, huacha tani 1 ya majivu au zaidi. Mabamba na mifuko haviyamalizi majivu hayo. Vinayakusanya tu. Lazima mtu ayatoe, ayapakie, ayamwage mahali.

Tuna mfano wetu wenyewe, ingawa si wa makaa ya mawe. Kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja kilikuwa kinachoma kuni na maganda ya kahawa katika boila. Majirani walilalamika kwamba nguo wanazoanika zinajaa vumbi jeusi. Mwenye kiwanda akaweka mtambo wa kunasa vumbi, majirani wakanyamaza, na sisi wa chama tukamsifu mbele ya wafanyakazi. Miezi 6 baadaye tulipokwenda kukusanya michango ya chama, tuliwakuta vibarua 3 nyuma ya boila, wanatoa majivu kwa koleo, wamejifunga vitambaa mdomoni, nywele zao nyeupe kama za wazee wa miaka 80. Vumbi lililokuwa linagawiwa mtaa mzima kidogo kidogo, sasa lilikuwa linapewa watu 3 peke yao. Na kwa kuwa walikuwa vibarua wa siku, hawakuwa wanachama wetu, hivyo hakuna aliyekuja kutuambia.

Siku ile mtambo ulipofunguliwa hatukuuliza: nani atauondolea majivu? Kosa hilo ni letu pia. Baada ya barua 2 na majadiliano marefu tulipata barakoa za kufaa, viatu, maji ya kulowesha majivu kabla ya kuyachota, na zamu ili mtu mmoja asikae hapo kila siku. Mmoja wa wale 3 bado anakohoa.

Jambo kama hili limetokea kwa wenzetu wa Marekani, kwa kipimo cha kutisha. Huko Kingston, jimbo la Tennessee, majivu ya kituo cha makaa ya mawe yalikuwa yamerundikwa kwa miaka mingi nyuma ya ukingo wa udongo. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 ukingo ulibomoka, na tope la majivu kiasi cha mita za ujazo milioni 4 likamwagika katika mto na makazi ya watu. Mamia ya wafanyakazi waliajiriwa kulisafisha. Wengi waliugua baadaye, na baadhi yao walifariki. Zaidi ya 200 walifungua kesi, wakaeleza mahakamani kwamba waliambiwa majivu yale hayana madhara na kwamba hawakuhitaji barakoa. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni iliyosimamia usafishaji haikutimiza wajibu wa kuwalinda, na mwaka 2023 kesi ikamalizwa kwa mapatano. Tuhesabu miaka: kutoka 2008 mpaka 2023. Mgonjwa wa mapafu hana miaka 15 ya kungoja.

Basi Lamu. Kituo kilichokusudiwa pale Kwasasi kilikuwa cha megawati 1,050, na makaa yake yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini. Wenye mradi waliahidi mitambo ya kisasa, ya ile hatua ya pili tuliyoisifu, na wakaahidi ajira. Wako wakazi waliotaka kazi hizo, na hatuwalaumu. Lakini wavuvi na wenyeji wengine waliuliza habari ya majivu karibu na bahari, maji ya moto yatakayorudishwa baharini, na mikoko ambamo samaki huzaliana. Waliona majibu hayatoshi, wakaenda kwenye baraza la taifa linaloamua kesi za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki kubwa ya China iliyotarajiwa kutoa mkopo ilijitoa. Kituo hakikujengwa.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa boila, watu wa Lamu hawakukataa kazi. Mvuvi ana kazi tayari. Walikataa kupewa uchafu bila kuulizwa, na swali lao halikujibiwa kwa neno "safi". Sisi tunaona hata kama kituo kile kingejengwa kwa mitambo bora kuliko yote, bado chama cha wafanyakazi kingekuwa na kazi kubwa siku ya kwanza, nayo ingekuwa nyuma ya kituo, kwenye majivu, si mbele penye picha.

Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwalipisha. Ukikatwa mshahara kwa ajili ya barakoa au viatu vya kazi, leta karatasi ya mshahara kwa mwakilishi wako.

Kabla ya mkutano ujao, kila tawi lenye boila au tanuri, liwe la chai, sukari, matofali au saruji, litembee nyuma ya jengo na kuandika mambo haya: mnachoma nini, majivu yanatolewa na nani, na mara ngapi kwa wiki, watu hao ni wanachama au vibarua, wanavaa nini, na majivu yanamwagwa wapi, tena mvua ikinyesha yanaelekea kisima cha nani. Majibu yaletwe Kyebando, hata kama yameandikwa kwa penseli.